Bunduki Namba Moja na Kosa la Tairi

Kuna nchi moja, si hapa, tusije tukatazamana vibaya. Iko mbali kidogo, unavuka mpaka wa pili halafu unaulizia. Jina lake silitaji, maana kule kutaja jina la nchi bila kibali ni kosa, na kibali kinatolewa na ofisi ambayo jina lake nalo halitajwi. Watu wake ni wapole sana. Wamekuwa wapole tangu walipotangaziwa.

Sasa nchi hiyo ilikuwa na bunduki ishirini na moja. Usinielewe vibaya, bunduki za kazi zilikuwepo tele, raia wenyewe walikuwa mashahidi. Hizi ishirini na moja zilikuwa za heshima. Waliziacha wakoloni walipoondoka kwa haraka, ndefu kama fito za kujengea, mbao nyekundu, kitako kimevishwa shaba. Zilitengenezwa enzi zile ambazo ukishapiga lazima usubiri moshi uondoke ndipo ujue umempiga nani.

Kila mwaka, Siku ya Mlio, zilipigwa kwa pamoja mbele ya Mkuu wa Nchi, kuelekea Kilima cha Maadui. Maadui hawapo. Kuna mbuzi, na mbuzi wenyewe wanajua tarehe, siku hiyo hawapandi. Na zinapigwa risasi za kweli. Wenzetu wa nchi nyingine kwenye sherehe hupiga risasi bandia, lakini Mkuu alishasema, mwaka ule wa njaa, kwamba "Taifa hili halitadanganya hata kwa baruti." Ikaandikwa ukutani. Kitu kikishaandikwa ukutani kule, basi tena.

Aliyezitunza bunduki hizo alikuwa Koplo Zamoyoni, fundi bunduki wa kikosi cha heshima, mtu mfupi, mkimya, vidole vimeiva mafuta mpaka marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba mkate wake hauhitaji siagi. Mwaka huo ulikuwa wa ishirini na sita yuko koplo. Si kwamba hafai. Kila barua ya kumpandisha cheo ilipofika mezani kusainiwa, mwenye meza alikuwa ameshakamatwa.

Siri ya zile bunduki aliijua yeye peke yake. Zamani zilikula risasi nene kama kidole gumba. Risasi hizo zilipoadimika, ikatoka amri bunduki zifanywe za kisasa. Fundi wa wakati huo, Mzee Mbwelwa, akazichomeka mitutu myembamba, akachonga sehemu ya kukaa risasi upya, ili risasi ya siku hizi iingie. Ikaingia. Wakubwa wakapiga makofi, wakapiga picha. Lakini chuma kilikuwa kile kile cha kale, laini, na komeo, kile chuma cha nyuma kinachoifunga risasi isimrudie mpigaji usoni, lilishikiliwa na jino moja tu. Mzee Mbwelwa mwenyewe hakuwahi kuzilisha risasi za kiwandani. Alizitengeneza kwa mkono wake, baruti anapima kwa kijiko cha chai, na hakijai.

"Hawa ni bibi vizee niliowavisha suruali," alimwambia Zamoyoni. "Wape uji. Siku utakayowapa mahindi ya kuchoma, meno yataruka, na yatamrukia aliye karibu."

Akafa. Risasi zake za uji zikadumu miaka mingi, mwaka jana zikaisha. Mwaka huu yakaja makasha mapya yenye lakiri ya wizara, risasi za kisasa, zinang'aa kama meno ya mgombea.

Zamoyoni akayafungua, akakumbuka mahindi ya kuchoma. Halafu wiki hiyo hiyo binti yake, Siwatu, askari wa kikosi hicho hicho, akaingia karakana anakimbia.

"Baba! Nimechaguliwa!"

"Kufanya nini?"

"Kupiga Mlio! Tena Namba Moja! Mimi naanza, wengine wananifuata. Mwanamke wa kwanza, baba! Sajini kasema shavu langu na kitako ni kama walizaliwa tumbo moja."

Akaichukua Bunduki Namba Moja kwenye rafu, akaiweka begani, akalaza shavu. Jicho lake la kulia likakaa nyuma kabisa ya lile komeo. Hapo katikati pangepita vidole vinne, na viwe vyembamba.

"Nimependeza?"

"Umependeza," alisema Zamoyoni. "Iweke chini."

*

Asubuhi akaenda kwa Kanali Shomvi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunduki za Kihistoria na Mambo Yanayolipuka. Kamati hiyo ilikuwa na wajumbe ishirini na mmoja, kwa sababu siku ya kuiunda hakuna aliyekubali kukosa kwenye picha. Kanali alikuwa na nishani kumi na saba, zote za kuhudhuria wenzake wakivishwa nishani.

"Afande," Zamoyoni akasema, "hizi risasi mpya zitapasua bunduki."

"Zinaingia?"

"Zinaingia, afande."

"Sasa?"

"Mkono nao unaingia kinywani mwa mamba, afande. Matatizo yanaanza ukishaingia."

Kanali akachukua kalamu, akaandika: *Koplo. Mamba.* Akapiga mstari chini yake.

"Unamaanisha Serikali ni mamba?"

"Namaanisha baruti ya siku hizi ina nguvu kuliko chuma cha enzi zile. Ikiwaka inasukuma mbele na nyuma. Mbele kuna njia. Nyuma kuna komeo lenye jino moja, na nyuma ya komeo kuna jicho la mtu."

"La nani?"

"Mwaka huu la binti yangu."

"Aaa!" Kanali akashusha pumzi, akaegemea kiti, uso ukamchangamka. "Kumbe ni mambo ya kifamilia! Mbona unanitisha bwana, nilidhani ni suala la usalama."

Zamoyoni hakuondoka. Alisimama pale pale mpaka Kanali akachoka kumwangalia, akampa Fomu ya Hofu, nakala saba. Sehemu ya kwanza, jina la mwenye hofu. Sehemu ya pili, hofu ilianza lini, na wakati huo ulikuwa na nani. Sehemu ya tatu, je, umewahi kuogopa kabla ya hapo, na kwa idhini ya nani? Zamoyoni akajaza zote saba kwa mkono, na chini akaomba kitu kimoja: bunduki moja ifungwe kwenye tairi la lori, ivutwe kwa kamba kutoka mbali, watu waone. Ndivyo mafundi wanavyofanya dunia nzima wasipoiamini bunduki. Bora tairi liumie.

Ombi likakubaliwa upesi ajabu. Kamati ilikuwa haijakula pilau tangu mwezi uliopita.

*

Siku ya jaribio likasimamishwa turubai, viti vya kitambaa, bendi, sufuria tatu za pilau. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Kondo Mapande, Waziri wa Shangwe na Milio, na yeye mjumbe wa Kamati, mtu mwenye shingo mbili, ya kazini na ya akiba. Akasimama kufungua.

"Ndugu zangu, usalama ni nini?" Akasubiri. Hakuna aliyejua. "Usalama ni ile hali ya kuwa salama! Na sisi tuko salama kwa sababu tulishaamua!"

Bendi ikapiga.

Zamoyoni alikuwa ameifunga Bunduki Namba Ishirini kwenye tairi, kamba hatua arobaini, yeye mwenyewe yuko nyuma ya mifuko ya mchanga. Akawaomba wakubwa wasogee nyuma kidogo.

"Kamati hairudi nyuma!" Kanali akajibu kutoka kwenye sahani.

Basi akavuta. *Paa!* Risasi ikaenda kilimani, bunduki ikabaki nzima. Wajumbe wote juu, makofi, vigelegele, Mheshimiwa anapeana mikono na watu aliokwisha kupeana nao. Zamoyoni akaenda, akafungua komeo, akalitoa ganda la risasi lililobaki, akalileta kiganjani.

"Limevimba, afande. Na hapa chini lina ufa."

Kanali akaliangalia huku anatafuna. "Limeshiba."

"Limechanika, afande."

"Na wewe ukila vizuri si unalegeza mkanda? Ha! Koplo, acha wivu."

Wakacheka sana, wengine mpaka pilau likawapalia.

"Afande, ngazi mbovu haivunjiki kwa wa kwanza kupanda," Zamoyoni akasema. "Naomba mara ya pili."

Kwa kuwa sufuria ya tatu ilikuwa bado haijafunguliwa, wakamruhusu. Akafunga tena, akarudi nyuma ya mchanga, akavuta.

Safari hii haikulia paa. Ililia kama mtu amelibamiza geti la mbinguni kwa hasira. Moshi ulipoondoka, mtutu ulikuwa umemenyeka kama ndizi. Tairi lilikuwa limepasuliwa katikati. Komeo lilikuwa limeruka kuelekea nyuma, likapita turubai, likaingia sufuria ya tatu upande huu likatokea upande ule, likaenda kutulia ndani ya ngoma kubwa ya bendi. Mheshimiwa Waziri alipatikana chini ya meza, ambako alisema alikwenda kukagua.

Hata bendi haikujua ipige nini.

Zamoyoni akanyoosha kidole kwenye lile pengo la tairi. "Hapo," akasema, "pangekuwa na shavu."

*

Ingekuwa nchi nyingine habari ingeishia hapo, watu wakarudi makwao. Lakini nchi ile ilikuwa na Tume ya Uchunguzi, na ikishaundwa haiwezi kurudi mikono mitupu. Ikakaa siku tatu, ikahoji mashahidi, ikatoa ripoti, ikasomwa redioni neno kwa neno.

Kosa lilikuwa la tairi.

Tume ilibaini kwamba tairi halikuwa na mafunzo yoyote ya kijeshi. Tairi halikukaza bega. Tairi halikuwa na shavu la kutulizia bunduki, na badala yake lilikuwa na tundu katikati, dalili ya kutokuwa na msimamo. Tairi lilipopewa nafasi ya kujitetea halikusema neno, jambo lililoonyesha kiburi mbele ya Tume. Likahukumiwa miaka miwili. Likapelekwa mahabusu ya kikosi, likawekewa mlinzi, na mlinzi akaambiwa asizoeane nalo.

Bunduki zikasafishwa jina. Ripoti ilisema zimeonyesha "nguvu kuliko ilivyotarajiwa", ikazipongeza. Namba Ishirini ikatangazwa iko likizo, nafasi yake ikachukuliwa na nyingine ya akiba, isiyokuwa kwenye hesabu, iliyokuwa imetundikwa sebuleni kwa Waziri. Mwisho Tume ikapendekeza kwamba kuanzia sasa bunduki hizi zishikwe na binadamu pekee, mwenye bega na shavu. Hasa shavu.

Wajumbe wote ishirini na mmoja wa Kamati wakasaini kwamba ni salama. Kilichobaki kilikuwa saini moja tu, ya fundi, kwenye Hati ya Usalama.

*

Jumapili mchana Siwatu alipika ugali na dagaa. Zamoyoni akaliweka lile ganda lililovimba kando ya sahani yake. Siwatu akaligeuza geuza, akaingiza ukucha kwenye ufa. Ukucha ukazama.

"Hii ndiyo ile ya kwanza? Ile waliyoipigia makofi?"

"Ndiyo hiyo."

Akaacha kula. "Baba, usisaini."

"Nikikataa atasaini mpishi. Kanali ameshamfundisha kuandika jina langu. Wanasema analiandika vizuri kunishinda."

"Basi mimi nitasema naumwa."

"Ukiumwa, Namba Moja anapewa nani?"

Siwatu alijua jibu. Anayefuata ni Chausiku, rafiki yake, yule anayecheka kama kanga aliyeona nyoka, na ana mtoto hajaacha ziwa.

"Na Chausiku akikataa?"

"Anapewa mwingine. Bunduki ziko ishirini na moja, mama. Ukilikwepesha jicho lako, linakuja jingine."

Dagaa wakapoa. Siwatu alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo, akikasirika anahesabu kitu. Akawa anahesabu dagaa kwenye sahani.

"Kwa hiyo lazima awepo mtu nyuma ya komeo," akasema.

"Lazima."

"Na Kamati nzima imesaini kwamba ni salama."

"Nzima."

"Wako wangapi kwani?"

"Ishirini na mmoja."

"Na bunduki…"

Zamoyoni akaacha tonge hewani. Wakaangaliana, baba na mwana, na kwa mara ya kwanza mwezi ule yule mzee akatabasamu, meno yote nje, mafuta ya bunduki mpaka kwenye mikunjo ya macho.

"Niletee kalamu," akasema.

*

Hapa lazima nikueleze desturi moja ya kule. Karatasi ikiwa na lawama inarudishwa. Ikiwa na swali inapotea. Lakini ikiwa na sifa, hakuna anayethubutu kuifuta hata nukta, kwa sababu anayefuta sifa maana yake hakubaliani nazo, na wasiokubaliana wana jengo lao. Matokeo yake wakubwa wa kule hawasomi sifa. Wakiona tu inaanza kunukia asali, wanagonga muhuri.

Zamoyoni akasaini Hati ya Usalama. Na chini ya saini, pale penye nafasi, akaongeza Nyongeza ya Sifa:

"Kwa kuwa hekima ya Kamati ni pana kuliko ziwa na imethibitisha bunduki hizi ni salama kupita mto wa pamba, na kwa kuwa askari wa kawaida hatustahili utamu wa usalama mkubwa namna hii, tunaomba kwa unyenyekevu heshima ya kupiga Mlio wa mwaka huu wapewe wajumbe wenyewe ishirini na mmoja, kila mmoja na yake, Mheshimiwa Waziri akiongoza na Namba Moja, shavu likiwa limelala vizuri kitakoni, mbele ya macho matukufu ya Mkuu wetu."

Kanali akasoma mpaka kwenye "pana kuliko ziwa", macho yakamlenga machozi, akagonga. Waziri akagonga bila kukaa. Ikapanda juu, inagongwa tu, ngazi baada ya ngazi, mpaka ikafika kwa Mkuu. Mkuu alikuwa mtu pekee katika nchi ile anayesoma sifa mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa anatafuta pale zinapomfikia yeye.

Akapafikia. Akapapenda. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ikatangaza.

Kanali Shomvi alikuwa kwa kinyozi. Wanasema alitoka na ndevu upande mmoja.

*

Kufikia jioni ya siku hiyo, wajumbe ishirini na mmoja walikuwa wameteguka kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Daktari wa kikosi aliandika vyeti mpaka na yeye akateguka. Vyeti vikapelekwa kwa Mkuu, na Mkuu akajibu redioni kwa sauti ya upole: "Nimesikia vidole vya Kamati vimeteguka kwa hamu. Naguswa. Watumie kidole kinachofuata."

Kesho yake gari jeusi likasimama nje ya karakana. Akashuka Mheshimiwa Kondo Mapande, peke yake, hana mlinzi, hana bendi. Zamoyoni alikuwa anapaka mafuta Bunduki Namba Moja.

"Koplo, ndugu yangu. Habari za familia?"

"Nzuri, Mheshimiwa. Wanasubiri kwa hamu kukuona."

Waziri akaizunguka meza. Akaiangalia bunduki kama mtu anayemwangalia mbwa wa jirani.

"Hivi… hii. Iko sawa?"

"Ni salama, Mheshimiwa. Mmethibitisha."

"Najua tumethibitisha! Mimi nakuuliza wewe. Kiutu uzima."

"Risasi inaingia, Mheshimiwa."

"Koplo!"

"Na shavu lako lina nafasi ya kutosha. Tume ilisema hasa shavu."

Mheshimiwa akakaa juu ya kasha la risasi, akakumbuka ni la nini, akasimama. Jasho lilikuwa linateremka shingo ya kwanza linaingia ya pili. "Mimi nina watoto sita," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa, haina hata chembe ya jukwaa.

Zamoyoni akaacha kitambaa. "Mimi ninaye mmoja."

Nje mlinzi wa mahabusu alisikika akiliamuru tairi litulie.

"Nikitoa pini," Zamoyoni akasema taratibu, "ile sindano inayoigonga risasi nyuma, basi hizi zinakuwa fimbo tu. Risasi zenyewe tutaziacha kwenye kasha. Hakuna litakalopasuka."

"Toa! Toa zote!"

"Lakini hazitalia."

Waziri akafikiri. Sio kazi aliyoizoea, lakini siku ile alijitahidi. "Tutalia sisi," akasema.

"Na kuna jingine." Zamoyoni akatoa karatasi mfukoni, imeshaandikwa. "Baada ya Mlio utamsomea Mkuu hii. Ni sifa tupu. Kwamba bunduki hizi zimetukuka mno baada ya kushikwa na mikono yenu, hazistahili tena kuguswa na risasi wala na askari, zikae kwenye kabati la kioo milele na milele."

Mheshimiwa hakuisoma. Ilikuwa inanukia asali. Akaikunja, akaiweka karibu na moyo, akamshika Zamoyoni mkono wake wa mafuta kwa mikono miwili, tena hakujifuta.

*

Siku ya Mlio uwanja ukafurika. Kamati ikapanga mstari, suti nyeusi, mashavu yamelala kwenye vitako, macho yote yamefumbwa mpaka na yale ambayo hayahusiki. Askari waliopokonywa heshima yao walisimama pembeni, Siwatu na Chausiku mstari wa mbele. Zamoyoni alisimama nyuma ya jukwaa, pini ishirini na moja ziko ndani ya kopo la kahawa mfukoni mwake.

"Tayariii… Pigaaa!"

Zikasikika *ka-ka-ka-ka*, kama kuku anadonoa bati, na juu yake midomo ishirini na mmoja ikapaza:

"PAA!"

Kanali Shomvi alichelewa, akasema yake peke yake. Mjumbe mmoja wa mwisho, mzee wa kumbukumbu, alisema "Pii." Lakini wananchi wa kule wamefundishwa, wakapiga makofi. Mkuu alikuwa mzee, sikio moja lilishastaafu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mlio wa mwaka huu," akatamka, "una hisia."

Wajumbe wakaanza kupumua. Na hapo, jamani, Mkuu akanyanyuka kwenye kiti.

"Leteni hiyo Namba Moja. Na mimi nipige."

Waziri akageuka rangi ya majivu. Akaipeleka kwa mikono miwili. Mkuu akaiweka begani, akafumba jicho, akalenga Kilima cha Maadui, akavuta triga.

*Ka.*

Kimya.

Aliye na akili ataelewa ukubwa wa kimya kile. Kumlilia Mkuu paa ni kusema Mkuu hawezi kulia mwenyewe. Kutomlilia ni kusema bunduki ya Mkuu imekufa mkononi mwake. Kamati ikatazama majani. Bendi ikatazama Kamati. Mkuu akaishusha bunduki taratibu, akaichungulia, na midomo ikaanza kufunguka, na kila mtu alijua neno litakalotoka ni "fundi". Zamoyoni akalishika kopo mfukoni lisilie. Akafikiri, bora mimi. Angalau macho ya Siwatu yamebaki mawili.

"PAAAAAAAA!"

Sauti ilitoka mstari wa mbele wa askari. Ilikuwa kubwa, nene, imetoka kwenye kitovu, mpaka bendera zilitikisika. Siwatu alikuwa amesimama wima, mkono umenyooka kuelekea kilimani.

"Umempata, Mkuu! Adui kaanguka!"

Uwanja mzima ukageuka. Na kweli juu ya Kilima cha Maadui kulikuwa na mbuzi mmoja, mgeni, hajui tarehe, na sekunde ile ile, kwa uchovu wake tu, alikuwa anapiga magoti alale.

Watu walipiga kelele mpaka wengine wakazimia bila amri. Mkuu akamtazama mbuzi, akaitazama bunduki, kifua kikajaa.

"Sijawahi kukosa," akasema.

Waziri akaona mwanya, akaichomoa karatasi kwenye moyo wake na kuisoma haraka haraka, milele na milele, na Mkuu akaipitisha pale pale. Kesho yake ripoti ikatoka: bunduki ishirini na moja, wapigaji ishirini na wawili, hakuna aliyejeruhiwa, hivyo bunduki ni salama kama ilivyosemwa tangu mwanzo. Kanali Shomvi akapata nishani ya kumi na nane. Tairi likapata msamaha wa Mkuu, likaachiwa kwa sharti la kuripoti kila Jumatatu. Na sheria ikatungwa kwamba Mlio wa taifa utapigwa kwa mdomo, na yule askari aliyeutangulia awe Kiongozi wa Mlio.

Bunduki ziko kwenye kabati la kioo mpaka leo, zinang'aa. Pini ziko jikoni kwa Zamoyoni, ndani ya kopo la kahawa. Yeye bado ni koplo. Barua yake ya safari hii ilifika kwa Waziri Mapande Jumanne, na Waziri Mapande walikuwa wameshamchukua Jumatatu.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Siku ile ya Mlio, kelele zikiwa bado hewani, Zamoyoni alitoka nyuma ya jukwaa, akaenda mpaka mbele ya mstari wa askari. Siwatu alikuwa kwenye mguu sawa, uso mkavu kama ubao, haruhusiwi hata kutikisa ukope.

Akamkonyeza baba yake. Kwa jicho la kulia.